Kabla ya Kumshitaki Jirani

Nyuki hufa kila siku. Wakati wa maua mengi, nyuki mtenda kazi huishi majuma sita hivi, kisha hufia huko huko mashambani. Kwa hiyo mfugaji hashtuki akikuta nyuki watatu wanne wamekufa chini ya mzinga. Kinachomshtua ni lundo.

Sisi wa kikundi cha ufugaji nyuki cha usharika, hapa Mutuka, tulilikuta lundo hilo mbaazi zikiwa kwenye maua. Anayelima Babati anayajua majira hayo: mahindi yamekauka, na mbaazi zilizopandwa katikati yake zimechanua njano kila upande. Mizinga yote 8 ilikuwa na nyuki wafu mlangoni, kwa siku moja. Fedha ya asali ile ilikwisha kupangiwa kazi, sare na madaftari ya watoto yatima. Jioni mmoja wetu akasema, "Mchungaji, hapa kuna mkono wa mtu." Na jina likatajwa, la jirani mwenye ugomvi wa mpaka na mwanakikundi mwenzetu.

Katekisimo Ndogo ya Luther, ya mwaka 1529, tunayowafundisha vijana wa kipaimara, inaieleza amri ya nane kwa namna inayotubana. Haitoshi kutomzushia jirani uongo. Tunapaswa kumtetea na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Lakini huwezi kumtetea mtu kwa jambo usilolichunguza. Basi kabla ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, tulifungua mizinga.

Tulianza na njaa. Nyuki wenye njaa huacha masega makavu. Haya yalikuwa na asali. Siafu wangevamia na kula hata majana, yaani nyuki wachanga walio ndani ya masega. Majana yalikuwa mazima. Nondo wa nta hulidhoofisha kundi polepole na kuacha utando, utando haukuwepo. Waliokufa walikuwa wale waendao mashambani. Wengi walikuwa wametoa ulimi nje, na waliosalia walitetemeka na kuzunguka chini bila kuweza kuruka. Hizo ni dalili za sumu. Na kama mtu angeimwaga ndani ya mzinga, isingewachagua waendao nje peke yao.

Nyuki huweza kwenda kilomita 3 kutafuta chakula. Tulipouliza katika eneo hilo, mashamba kadhaa yalikuwa yamepuliziwa dawa ya funza wa mbaazi, asubuhi, saa ambayo nyuki wamejaa kwenye maua. Waliopulizia walikuwa wakiokoa mavuno yao. Dawa ambayo haikumdhuru mbuzi wala kuku wao ilimmaliza mdudu huyu mdogo, ambaye mbaazi zenyewe hunufaika kwa kutembelewa naye. Yule jirani aliyetajwa hakuwa na mbaazi mwaka ule.

Asali hatukuvuna. Sare zilinunuliwa kwa mchango, na watoto wawili walichelewa kuzipata. Hatuwezi kusema hasara ile iligeuka kuwa faida. Tunachoweza kusema ni kwamba nyumba moja haikuchafuliwa jina, na kwamba tulipata la kuzungumza na wakulima bila kugombana: wasipulizie maua yakiwa yamefunguka, ikibidi, wasubiri jioni nyuki wakisharudi, na watuarifu siku moja kabla.

Katika amri ya saba, Katekisimo hiyo hiyo inatutaka tumsaidie jirani kuilinda mali yake na riziki yake. Mkulima ana riziki yake, na mfugaji nyuki ana yake, na nyuki hajui mpaka wa shamba. Siku hizi, majira ya mbaazi yakifika, tangazo la nani atapulizia dawa na lini husomwa ibadani, pamoja na matangazo ya ndoa na ya misiba.