Taa ya Arusi Isiyopepesa

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kuiona ile taa ya kioo bandia, iliyo kama nusu ya mpira, ambayo wapiga muziki huitundika ukumbini siku ya arusi. Ikiwashwa, vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu hutembea kutani na juu ya nyuso za watu, nao watoto huvikimbilia wakitaka kuvikamata. Tangu umeme ulipofika vijijini taa hizi zimekuwa nyingi, kwa maana bei yake ni ndogo. Leo nataka kukueleza jinsi tulivyoifungua moja, tukatoa matumbo yake na kutia mengine, na kwa sababu gani.

Sababu ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, mwenye miaka 14. Ana kifafa. Mwaka juzi, katika arusi ya jirani, mwenye muziki aliigeuza taa yake ikawa inamweka upesi upesi kama radi, na mtoto akaanguka katikati ya wachezaji. Wengine walikimbia. Wengine walisema asiguswe, ati povu lake laambukiza. Mama yake peke yake alimlaza ubavu, akamwekea khanga chini ya kichwa, akangoja mpaka akatulia. Tangu siku ile hakumruhusu tena kuingia ukumbini penye muziki. Kukiwa na arusi, mtoto hubaki nyumbani na bibi yake. Mwaka huu, baada ya Pasaka, ikawa zamu ya dada yake mkubwa kuolewa. Je, siku hiyo nayo abaki nyumbani?

Kabla sijaendelea, yafaa niseme wazi kwamba kifafa hakiambukizi, wala kwa povu, wala kwa kugusana, wala kwa kula pamoja. Ni ugonjwa wa ubongo. Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimbane mikono, usimtie kijiko wala chochote kinywani; mtetemo ukipungua, mlaze ubavu. Tazama saa. Zikipita dakika 5 naye hajatulia, mpeleke hospitali mara moja.

Daktari alimwuliza dada yangu maswali mengi, na moja lilikuwa kama mtoto amepata kuanguka ndani ya gari. Dada akakumbuka: ndiyo, mara moja, asubuhi, basi lilipopita penye mstari mrefu wa mikaratusi, jua likawa laingia dirishani na kukatika, laingia na kukatika. Basi hapo ikajulikana kwamba ugonjwa wake huamshwa na nuru inayopepesa. Wagonjwa wa namna hii si wengi, yapata 3 katika kila 100 wenye kifafa. Mmweko ulio hatari zaidi kwao ni ule wa mara 15 hadi 25 kwa sekunde, ingawa wengine hudhurika na ule wa polepole zaidi. Huko Japani, tarehe 16 Desemba 1997, katika filamu ya vikaragosi ya Pokémon rangi nyekundu na buluu zilipishana mara 12 hivi kwa sekunde, na watoto zaidi ya 600 wakapelekwa hospitali jioni ile ile. Tangu hapo watengenezaji wa picha wanaofuata kanuni hawazidishi mmweko mara 3 kwa sekunde. Wapiga muziki wetu hawajasikia habari hiyo.

Daktari alimfundisha mtoto jambo jepesi: akikutwa na nuru ya kupepesa, afunike jicho moja kabisa kwa kiganja na kugeuka upande mwingine. Kufumba macho yote mawili hakutoshi, kwa kuwa nuru hupenya kope.

Utaniuliza, kwa nini tusiizuie taa tu? Nami niliwaza hivyo. Lakini kamati ya arusi ilikwisha kuinunua, na mtoto mwenyewe aliposikia akaniambia, “Mjomba, sitaki watu waseme ukumbi umetiwa giza kwa ajili yangu.” Neno hilo lilinikaa moyoni. Mtoto hakuomba kuhurumiwa. Aliomba arusi ya dada yake iwe arusi kama za wengine.

Basi nikaenda kwa fundi wa redio hapa sokoni. Tulipoifungua taa tulikuta LED tatu za wati 1 kila moja, mota ndogo ya kuzungusha kile kioo bandia, na kapasita inayopunguza umeme wa volti 230 bila kuutenga na waya za ukutani. Hapo nakuonya, msomaji: ndani ya taa za namna hii kila kipande chaweza kuua, hata kile kinachoonekana kuwa cha volti chache. Tulikuwa tumechomoa waya kwanza, kisha tukatoa vyote, hata nchi moja ya waya ya ukutani isibaki ndani. Sasa taa yala volti 5 tu, kutoka katika chaja nzuri ya simu.

Mahali pa zile tatu tulitia pete ya LED 24 tuliyoletewa kwa basi kutoka Kariakoo. Kila LED ina LED ndogo tatu ndani yake, nyekundu, kijani na buluu. (Ile ya buluu iliwasumbua wataalamu miaka mingi, walioipata, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2014.) Kila moja ina pia kichipu cha kupokea amri. Chuoni kwa walimu tulifundishwa kueleza jambo gumu kwa mfano wa darasa, basi fikiri wanafunzi 24 wamesimama mstari mmoja. Mwalimu ampa wa kwanza bahasha 24. Yeye achukua ya juu, iliyo yake, na kumpa wa pili zilizobaki. Wa pili afanya vivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Ndivyo amri zinavyopita katika waya mmoja tu. Na kila rangi ina ngazi 256 za ukali, tangu 0 hata 255.

Mwalimu ni kibao kidogo kiitwacho Arduino Nano, chenye upana wa kidole kimoja hivi. Programu yake niliiandika jioni kwa kompyuta ya ofisi, kwa ruhusa ya paroko. Hesabu ya umeme ni hii: LED moja ikiwaka nyeupe kwa nguvu zote yala kama miliampia 60, mara 24 ni 1440. Chaja ya ampia 2 yatosha, ila pete ipewe umeme moja kwa moja kutoka kwa chaja, usipitie kwenye kibao. Fundi aliongeza rezista ya omu 470 kwenye waya wa amri, na kapasita kwenye waya za umeme ili kuzuia mshtuko wakati wa kuwasha.

Jambo moja lilitushangaza. Tulipowasha zote 24, nuru ilikuwa nyingi kuliko ya kwanza, lakini vidoa vilipotea. Kuta zikawa kama zimemwagiwa maziwa. Fundi akafahamu upesi kuliko mimi: kila LED hutupa vidoa vyake, na vya 24 vyafunikana. Tukawasha 8 zilizoachana, vidoa vikarudi. Kwa hiyo zote 24 huwaka wakati wa chakula na kukata keki, na 8 wakati wa kucheza. Nuru ya 8 si kali, ila ukumbi ukiwa na giza yatosha. Mota hatukuirudisha. LED moja inapofifia na jirani yake kuongezeka, vidoa vyahama kutani vyenyewe, taratibu.

Na huo ndio ubora wa taa inayofuata programu: mwendo wake waandikwa. Hakuna LED inayotoka gizani hata nuru kamili kwa muda ulio chini ya sekunde 2. Ipo swichi ya kuzungusha kama ya sauti ya redio, lakini hata ukiizungusha hata mwisho, mpaka huo hauvukwi. Kupishana kwa nyekundu na buluu nilikuondoa kabisa. Kweli, LED hizi hupunguza nuru kwa kuwaka na kuzima, lakini ni zaidi ya mara 400 kwa sekunde, mbali kuliko mmweko unaowadhuru watu hawa.

Hatukumfanyia mtoto majaribio. Dada alikwenda kwanza kwa daktari na kumweleza yote. Alisema mwendo ule haumtishi, lakini dawa zisikatwe hata siku moja, na usiku wa kuamkia arusi mtoto alale vya kutosha, maana kukosa usingizi nako huamsha kifafa.

Siku yenyewe mwenye muziki alikuja na taa yake ya radi. Nilimwomba iachwe sandukuni. Alinung'unika, akasema arusi itapoa. Baba wa bwana arusi akamwita pembeni, wakazungumza, na sanduku halikufunguliwa. Mpwa wangu alikaa kwanza karibu na mlango, kiganja tayari shavuni. Baada ya nyimbo tatu hivi alikishusha. Alicheza na shangazi zake mpaka keki ikakatwa, na saa 4 usiku mama yake akampeleka kulala. Hakuanguka. Kama ni taa, au ni dawa, au ni usingizi wa usiku uliotangulia, sitaki kubishana. Vyote vitatu vilikuwapo.

Tangu wakati ule watu wawili wamekuja kuazima taa, na tumewapa, pamoja na maelezo ya kuiacha ile ya radi nyumbani. Naye mtoto sasa ataka kujifunza kuandika programu, aiongezee rangi ya zambarau, maana aona nimeisahau. Nimemwambia asubiri likizo ya Juni, kwa kuwa kompyuta ya ofisi sasa ina hesabu za zaka.