ZAHANATI YA NDEGE, SEHEMU YA 9: Boksi la vifaranga getini

Niliahidi kuandika kuhusu chanjo ya kideri, na itakuja. Leo naandika jambo ambalo nimelizungusha kichwani tangu Juni, na kila nikikaa nalo naona aibu, nafunga simu. Kama una mtoto mdogo na umeanza kufuga vifaranga nyumbani, acha vyombo hapo kwenye karai, soma kwanza.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni nesi wa watu. Nina diploma ya uuguzi, kazi yangu ni wodi ya watoto hapa Mbeya. Zahanati ya ndege ni ya kwetu nyumbani, mimi na wifi yangu. Mwenye taaluma ni wifi, alisoma afya ya mifugo LITA Tengeru na amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Yeye ndiye anayeandika dawa. Mimi nasafisha vidonda, nashika mabawa, napima maji ya dawa, naandika daftari, napokea watu getini. Tunapokea ndege tu. Kuku, bata, kanga, njiwa, kware. Mbuzi wako mpeleke kwa afisa mifugo wa kata, na paka vilevile, usinikasirikie.

Tulianza na kuku mmoja aliyegongwa na bodaboda, mguu ukakatika, mwenyewe akasema "huyo supu". Wifi akamwomba. Yule kuku yupo mpaka leo, anaruka kwa mguu mmoja na ndiye mkali kuliko wote uani. Baada yake wakaja wengine wasiotakiwa: wa mayai waliochoka kutaga, bata kipofu, njiwa wa mtoto wa jirani. Mwaka jana tuliletewa hata bundi mwenye bawa lililovunjika, amefungwa kwenye gunia, na aliyemleta alirusha gunia getini akakimbia. Ndege wa porini hatukai naye, si ruhusa. Tulipiga simu maliasili wakaja kumchukua. Lakini usiku ule mmoja tu alitosha. Mpaka leo kuna mama mtaani akipita getini kwetu anahamia upande wa pili wa barabara.

Haya. Juni.

Wa Mbeya mnaijua Juni yetu. Baridi inaingia mpaka kwenye mifupa ya magoti. Kwa kifaranga wa siku moja baridi hiyo ni kifo, kwa sababu bado hana manyoya ya kumfunika, ana vile vimalaika tu. Wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, halafu unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Ukiwaona wamerundikana wanapandana, wanasikia baridi. Ukiwaona wamekimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wanakula na kulala popote, umepatia. Hilo nalijua vizuri, nawaambia watu kila siku.

Basi, akaja mama mmoja wa mtaa wa juu, kijana, mtoto mgongoni. Amenunua vifaranga chotara 60, tisa wameshakufa, waliobaki wanarundikana. Wifi hakuwepo, alikuwa ameenda kuchanja kuku kijiji cha pili. Mimi nilikuwa najiandaa kwenda zamu ya usiku, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikaangalia vifaranga aliokuja nao, hakuna kuharisha, hakuna kukoroma. Nikamwambia, "Hii ni baridi tu mama. Ongeza joto, ziba upepo. Weka jiko karibu, usiku usiache lizimike."

Akasema asante dada nesi, akaondoka.

Ushauri ule kwa kuku ni sahihi kabisa. Ukimwuliza mtaalamu yeyote atakwambia joto na kukinga upepo. Ila sikumuuliza swali moja: hao vifaranga wanalala wapi?

Na hapo ndipo panaponiuma. Wodini, mama akija na mtoto anayekohoa, swali langu la tatu au la nne ni hilohilo. Mtoto analala wapi, na nani, mnapikia wapi, dirisha linafunguka? Nimeuliza mara maelfu, linatoka lenyewe. Kwa kuwa safari hii mgonjwa alikuwa kuku, sikuliuliza.

Siku ya tatu yake natoka zamu, saa mbili asubuhi, nimechoka hata macho hayafunguki, namkuta amekaa chini getini. Boksi liko mapajani, mtoto mgongoni. Ananiambia wamekufa wote usiku mmoja, anataka dawa kwa ajili ya wawili waliobaki.

Wifi akatoka jikoni na chai yake mkononi. Akafungua boksi, akawashika mmoja mmoja. Kifuko cha chakula shingoni kimejaa. Nyuma ni kusafi. Macho safi, pua safi. Akasema polepole, "Hawa hawakuugua." Nikamwangalia. Akaendelea, "Ugonjwa unaanza na mmoja, kesho watatu, keshokutwa kumi. Hauzimi banda zima kama taa."

Ndipo nikamsikia yule mama anasema, kana kwamba si kitu, "Hata mimi kichwa kinanipasuka tangu alfajiri, nadhani malaria inaninyemelea. Na huyu kaniamsha anatapika."

Nikamfungua mtoto mgongoni. Wa mwaka na nusu hivi. Alikuwa amelegea, si ule usingizi wa mtoto aliyekesha. Unamwita, anafungua macho, yanarudi kufumba.

Nikauliza swali langu, siku tatu baadaye. "Vifaranga walilala wapi?"

"Chumbani kwetu, dada. Si ulisema nisiwaache na baridi? Banda halina mlango. Nikaweka jiko katikati, dirisha nikaziba na blanketi kama ulivyosema."

Kama nilivyosema.

Baba wa nyumba ni dereva wa lori, alikuwa njiani kuelekea Tunduma. Wamelala mama na mtoto, vifaranga 51 na jiko la mkaa, chumba kimoja, mlango umefungwa. Kilichowaokoa ni matapishi. Mtoto alipotapika alfajiri, mama aliinuka kutafuta maji, akafungua mlango, akaanguka kizingitini. Alikaa pale chini muda asioujua, mlango wazi, hewa inaingia. Akidhani ni malaria.

Niwaeleze kinachotokea, maana wengi tunaogopa moshi na huu hauna moshi. Mkaa ukishakolea, umekuwa mwekundu mzuri, ndipo tunausema uko salama tunauingiza ndani. Lakini mkaa ule mwekundu bado unatoa gesi inaitwa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikuwashi macho. Hata ukiufunika na majivu ukabaki unafukuta, unaendelea kuitoa. Ikiingia kwenye damu inakalia kiti cha oksijeni, na inang'ang'ania kiti hicho zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo unapumua kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Dalili zake zinafanana na za kila kitu: kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kulegea, usingizi. Malaria, chakula kibaya, uchovu. Cha kukushtua ni hiki: nyumba nzima mnaumwa kwa pamoja, tena mkitoka nje mnapata nafuu. Na wewe mwenye mimba, gesi hii inavuka mpaka kwa mtoto tumboni, na yeye anaumia hata kama wewe umejisikia vibaya kidogo tu.

Na kwa nini vifaranga wametangulia? Ndege hapumui kama sisi. Ana vifuko vya hewa mwilini, hewa inapita kwenye mapafu yake kwa mwelekeo mmoja bila kupumzika, ndiyo maana anaweza kuruka mbali vile. Anavuta hewa vizuri kuliko sisi, kwa hiyo na sumu anaivuta vizuri kuliko sisi. Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanashuka mgodini na vindege vya kanari kwenye tundu kwa sababu hiyohiyo, na waliendelea mpaka 1986 ndipo mashine zikachukua kazi. Kindege akianguka, watu wanapanda juu haraka. Yule mama alikuwa na kanari 51 chumbani, ila alikuwa amelala.

Tukapanda bajaji. Sikubadilisha hata sare.

Hospitali, kijana wa zamu ya asubuhi akamwekea mtoto kile kifaa cha kidoleni, kikasoma 97. Akaniambia, "Sista, oksijeni iko vizuri." Simlaumu, na mimi miaka kumi iliyopita ningesema hivyohivyo. Kifaa kile kinadanganywa na gesi hii. Kinaona damu nyekundu kinadhani imebeba oksijeni. Kwa hiyo ukifika hospitali na kisa kama hiki, SEMA. Sema "tulilala na jiko la mkaa ndani". Neno hilo moja litamsaidia daktari kuliko kifaa cha kidoleni. Nililisema, daktari akaelewa papo hapo, mama na mtoto wote wakawekewa oksijeni ya barakoa. Kwa hewa ya kawaida nusu ya gesi ile inachukua saa nne, tano kutoka mwilini. Kwa oksijeni kamili, kama saa moja na nusu tu.

Mchana yule mtoto aliomba uji. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Walilala usiku mmoja kwa uangalizi. Jioni nilipofika nyumbani wifi alikuwa amepasua kifaranga mmoja, akanionyesha. Damu na mapafu vilikuwa vyekundu vya kung'aa, karibu na rangi ya pilipili. Hakusema kitu. Yule mmoja kati ya wawili waliobaki alikufa usiku ule, wa pili akaishi.

Nilirudi kwa yule mama kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Akanikatisha, "Dada, ulisema weka jiko, hukusema lala nalo." Kanisamehe kabla sijamaliza. Mimi bado. Yeye alifuata maneno ya nesi, na ukiwa na sare watu hawapimi maneno yako, wanayafanya.

Sasa daftari letu la getini lina safu mpya. Kabla ya aina ya ndege, kabla ya chanjo, tunaandika: wanalala wapi, joto linatoka wapi, nani analala hapo. Wifi alicheka siku ya kwanza, akasema tunapokea kuku au tunahesabu sensa? Lakini anajaza. Na hadi leo tumekuta nyumba nne zenye vifaranga na jiko chumbani. Nne, kwa mitaa yetu miwili mitatu tu.

Utaniuliza, sasa nifanyeje na baridi yote hii? Vifaranga wakae nje ya chumba cha kulala watu, basi, hilo halina mjadala. Kama una umeme, balbu moja juu ya boksi lenye maranda mengi inatosha kwa vifaranga wachache, ila ifunge imara isije ikaanguka ikachoma maranda. Kama hakuna umeme, chukua chupa au dumu la maji ya moto, lizungushie kitambaa, liweke katikati ya boksi, ubadilishe likipoa. Ni kazi, ndiyo, utaamka usiku. Tulishaamka usiku kwa watoto wetu, tunajua. Kama una tetea anayeatamia, mpe vifaranga usiku awafunike, hakuna bruda inayomshinda. Kama ni wengi na lazima utumie chungu cha mkaa, kiwe kwenye banda la nje, na juu kabisa ya ukuta pawe wazi hewa ipite. Upepo unazibwa chini, walipo vifaranga. Juu usizibe. Na wewe usiingie humo kulala "kidogo tu" kuwaangalia.

Na kwa wasiofuga kabisa: jiko la kuotea watoto usiku ni hilohilo. La kukausha nepi ndani, hilohilo. Mzazi aliyetoka kujifungua anayefungiwa ndani na jiko la mkaa ili apate joto, na kichanga pembeni, ni hilohilo, na bibi atanuna ukilitoa. Mwache anune. Mvalishe kichanga kofia na soksi, mlaze kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, funika wote wawili blanketi.

Yule kifaranga aliyebaki tunaye sisi. Mama alisema hamtaki nyumbani, hawezi kumtazama. Amekuwa jogoo sasa, anawika saa tisa usiku, na yule tetea wa mguu mmoja anampiga kila siku.

Wiki ijayo ni kideri, kweli safari hii: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na kwa nini usichanje kuku ambaye tayari anaumwa. Maswali niandikieni chini hapa. Ila mama zangu nawaomba, picha za kinyesi cha kuku mnitumie baada ya saa nane mchana. Nitakuwa nimeshakula.