Sauti ya Mjomba Ndani ya Mtungi

Barua za mjomba zilikuwa kaseti. Yeye aliishi London, na bibi yetu wa Matema hakujua kusoma, basi mjomba alijaza maneno upande wa kwanza na wa pili, mkanda ukaja kwa posta hadi Kyela. Tuliusikiliza barazani kwa bibi kwenye redio kaseti ya betri, ziwa likiwa mbele yetu na milima ya Livingstone ubavuni.

Kaseti zikapitwa na wakati. Mwaka 2009 mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam, na baada ya miaka michache nikawa naongea na mjomba kwa Skype nikiwa Kyela mjini. Kwa bibi mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Nikaamua kurekodi maongezi kwenye laptopu na kumpelekea kwenye memori kadi.

Rekodi ya kwanza niliifanya Aprili, na mtu wa Kyela anaijua mvua ya Aprili. Sauti ya mjomba ilitoka kwenye spika za laptopu, ikapita hewani, ikarudi kwenye maikrofoni ya laptopu hiyohiyo pamoja na kishindo cha mvua juu ya bati, feni ya mashine na vyura wa majaruba. Bibi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Mjukuu wangu, huyu anasemea ndani ya mtungi."

Mitungi aliijua. Ile ya Wakisi aliinunua mnadani Lyulilo, na hakulipa kabla ya kuugonga mmojammoja na kuusikiliza. Neno lile lilinichoma.

Nikatafuta waya wenye pini pande zote mbili, nikaunganisha tundu la hedifoni na la maikrofoni. Mvua ikatoweka, lakini sauti ikawa inapasuka, na chini yake mvumo mzito. Nilihangaika wiki nzima. Kumbe tundu la maikrofoni hungojea sauti hafifu mno, nayo kompyuta huikuza. Mimi nililimiminia sauti iliyokwisha kukuzwa. Nikazima ukuzaji ule, nikapunguza na sauti inayotoka. Mvumo ulikuwa wa chaja: nikiichomoa, kimya. Tangu siku hiyo nilirekodi kwa betri tu.

Fundi simu mmoja wa stendi ndiye aliyenionyesha kwamba hata waya si lazima. Katika orodha ya vifaa vya kurekodia, Windows ilikuwa imekificha kimoja kiitwacho Stereo Mix. Ukiagiza vilivyozimwa vionekane, kinajitokeza, na kompyuta inarekodi kile inachokicheza yenyewe. Laptopu yangu iliyofuata haikuwa nacho. Hapo iliniokoa programu ya Audacity, ambayo tangu 2013 ina njia ya WASAPI inayofanya kazi hiyohiyo. Ikabaki mikwaruzo midogo, kama mchanga ndani ya wali. Mfumo ulipima sauti mara 48,000 kwa sekunde, programu mara 44,100. Nilipozilinganisha, na kuzima vikolezo vya sauti ambavyo kompyuta huviweka bila kuombwa, mchanga ukaisha.

Nikapanda gari kwenda Matema. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. Mjomba alimsalimu, akanyamaza, akakohoa, akaendelea na habari za wajukuu.

"Rudisha," bibi akasema.

Nikarudisha kwenye salamu.

"Siyo hapo. Pale alipokohoa."

Alisikiliza mara tatu, macho ameyafumba.

"Ni yeye. Mwambie kifua hicho akifunike."