Daftari la Baba Mdogo

Mwanangu, unasema wanao watasomea nyumbani mpaka waingie chuo kikuu. Enzi zetu wengi walisomea nyumbani kwa kukosa pengine. Ulimaliza darasa la saba, orodha ya waliochaguliwa ikabandikwa, jina lako halimo, na sekondari zilikuwa za kuhesabika. Ndivyo watoto wa mtaa tulivyojikuta kila jioni sebuleni kwa Baba Mdogo, karani wa reli, pale Ngamiani, Tanga. Alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni, hapandishi sauti hata umkosee vipi. Chumba kilinuka mafuta ya taa na samaki wa kukaanga wa mama wa barazani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipoanzisha masomo kwa njia ya posta mwaka 1972, alituandikisha. Vitabu tulinunua vikuukuu, shilingi mbili kisicho na jalada, tatu kilicho nalo. Vita vya Oktoba 1973 huko Mashariki ya Kati vilipopandisha bei ya mafuta, kila mmoja wetu akatakiwa kuja na mafuta ya taa yake ndani ya chupa ya soda. Kilichotutesa zaidi ni kemia, kwani sebule haina maabara. Baba Mdogo akambembeleza mwalimu mmoja wa sekondari, naye akawa anatufungulia maabara ya shule Jumamosi. Mpaka leo nikisikia harufu ya amonia namkumbuka mwalimu yule na koti lake lililotobolewa na asidi.

Lakini nataka nikueleze habari ya daftari. Lilikuwa la jalada gumu, kama la mahesabu ya duka, na kila mtoto alikuwa na kurasa zake: kitabu alichokisoma, tarehe, alama, na sentensi moja ya Baba Mdogo kuhusu bidii yake. Majirani waliona anajisumbua bure, maana Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, lilitaka majibu tu. Kisha Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ikakutana Musoma, ikaamua kwamba anayetaka chuo kikuu afanye kazi kwanza, tena apendekezwe na mwajiri na tawi la chama. Baba Mdogo aliisikia habari ile redioni, akachukua rula, akapiga mstari na kuongeza safu mpya: kazi. Tukaanza kufyatua matofali ya madarasa, kwani Musoma hiyohiyo ilikuwa imeamua watoto wote waingie shule, na kila siku ya matofali iliandikwa.

Mwishoni mwa miaka ya sabini binti yake mkubwa, aliyefaulu kidato cha nne na cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, alikuwa karani bandarini na akaomba nafasi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Katibu wa tawi hakuwa na mwalimu mkuu wa kumuuliza habari zake. Baba Mdogo akamwekea daftari mezani. Katibu alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akaandika barua. Binti akapata nafasi.

Baraza litawapa wanao alama. Habari zao nyingine utaziandika wewe, mwanangu, kwa hiyo nunua daftari mwaka huu, usingoje mwaka wa mtihani, na maabara uitafute mapema.