Rimu ya baiskeli ya babu yako

Tabora, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Sisi huku ni wazima, ila goti langu tu ndilo linalonisumbua asubuhi. Mama yako amenisimulia kwa simu yaliyokupata: shimo njiani, nyuma umempakia abiria aliyepakata kiroba cha mchele, na rimu ya nyuma ikakunjika. Abiria mzima, mchele mzima. Tushukuru kwa hilo kwanza.

Kisha akaniambia unataka kuiuza Raleigh ya babu yako kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, uongezee pesa ununue mpya. Usiuze. Habu ile nimeifungua mwenyewe mara nyingi, njia za gololi hazijalika. Kilichokufa hapo ni rimu peke yake, na rimu hubadilishwa.

Wala usikubali kupigiwa nyundo. Rimu iliyoyumba kidogo hunyooshwa kwa spoki, lakini iliyokunjika ukingo au kupasuka penye tundu la spoki imekwisha. Ukiigonga itakaa siku nne tano, halafu utarudi palepale kwa fundi, safari hii na tairi limechanika.

Sasa sikiliza habari ya kununua, maana hapo ndipo wengi huumia, na mimi nimo. Mwaka 1987 nilipanda lori kutoka Sikonge kuja mjini kununua rimu ya nyuma. Muuza duka akaniuliza, "Ya ishirini na nane?" Nikasema ndiyo, nikalipa. Nilipofika nyumbani nikahesabu matundu: 36. Habu yangu ilikuwa na 40. Nilirudi siku ya pili, akaniambia karatasi ya kufungia imeshachanwa, hapokei. Rimu ile ikaishia kuwa ya watoto, wakiisukuma kwa kijiti.

Baiskeli hizi za kizamani za Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu mzigo hukaa nyuma. Basi usitaje namba tu, nenda na rimu yako mbovu begani ukahesabu mbele ya muuzaji. Halafu hiyo "28" yenyewe ni neno la kudanganya. Tairi letu ni la 28 kwa 1½, na rimu yake, pale tairi linapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za mtumba nazo huitwa 28, kumbe rimu zake ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 huioni kwa macho dukani, ila tairi litakuonyesha. Tena tazama umbo: breki zetu ni za vyuma, si za waya, na raba zake hubana rimu kwa upande wa ndani, ule unaotazama habu. Rimu iliyotengenezwa kubanwa ubavuni haitakupa breki, na wewe unabeba watu.

Ukiipata yenye matundu sawa na kina sawa na ya zamani, spoki zako zitafaa, isipokuwa zilizopinda au kuliwa na kutu shingoni. Usiku wa kuamkia kazi, dondoshea nipeli zote mafuta. Asubuhi vua tairi, kisha legeza spoki zote nusu mzunguko, zunguka tena, na tena, mpaka zote zilegee. Usizikate kwa koleo! Nimeona vijana wakifanya hivyo, habu ikabaki imevutwa upande mmoja.

Zikishalegea zote, usizichomoe. Laza rimu mpya juu ya ile mbovu, tundu la valvu juu ya tundu la valvu, uzifunge pamoja kwa mipira ya tyubu sehemu nne. Chungulia matundu: moja huelekea kushoto, linalofuata kulia. Lazima yaelekee sawa kwenye rimu zote mbili. Yakipingana, geuza mpya. Sasa hamisha spoki moja moja kutoka ya chini kwenda ya juu, nipeli uishike kwa mizunguko miwili mitatu tu. Ukimaliza ya arobaini, kata mipira, rimu mbovu itatoka yenyewe. Hakuna kusuka upya, hakuna kukumbuka ipi ilipita juu ya ipi.

Kukaza ndiko kunakotaka utulivu. Nipeli hukazwa kama skrubu ukiitazama kutoka upande wa tairi. Ukitazama kutoka upande wa habu utaona kinyume, usichanganyikiwe. Zungusha zote nusu nusu, kila safari kuanzia penye valvu. Kisha rudisha gurudumu kwenye fremu, funga kijiti karibu na rimu, uzungushe. Inapokwenda kushoto, kaza za kulia hapo robo mzunguko, legeza za kushoto kidogo. Ikiinuka, kaza za pande zote mbili. Upande wa friwili spoki zitakuwa ngumu zaidi na zitalia kwa sauti ya juu kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini za upande mmoja zilingane zenyewe kwa zenyewe: zipige kwa ukucha kama nyuzi za zeze. Mwisho zibane mbili mbili kwa kiganja, kwa nguvu. Zitalia na kujikalisha, nawe nyoosha tena. Ncha za spoki zilizochomoza ndani ya rimu zipige tupa, uzifunike kwa ukanda wa tyubu, la sivyo pancha hazitaisha.

Siku ya kwanza endesha peke yako. Jioni kagua. Abiria wapande siku ya tatu.

Spana ya spoki nimeifunga kwenye kitambaa chekundu, nimempa kondakta wa basi litakaloingia stendi ya Shinyanga Jumatano. Ilikuwa ya babu yako. Ukimaliza nirudishie.

Mjomba wako