Nyama Hukaguliwa, Sinema Je?

Katika Soko la Burma, huko Eastlands, Nairobi, mama wa Kiislamu hanunui nyama kabla ya kutazama muhuri wa mkaguzi na kuuliza nani aliyechinja. Sinema wanayoitazama wanawe nyumbani, je, huiulizia? Nasi twapenda sinema, basi tutaje tatu tulizozipima.

"Ar-Risala" ya Moustapha Akkad (1976) yasimulia mwanzo wa Uislamu pasi na kuonyesha sura ya Mtume wetu (s.a.w.) wala kusikizisha sauti yake. Adabu hiyo pekee ni darsa. Mwaka 2005, Akkad na bintiye waliuawa kwa bomu mjini Amman, bomu la watu waliodai kuipigania dini hiyo hiyo. Vijana wetu na walijue hilo.

"Children of Heaven" (1997) ya Muirani Majid Majidi ndiyo tuipendayo zaidi. Kaka ampotezea dadake viatu. Wagawana jozi moja, dada asubuhi, kaka mchana, ili wasimwelemee baba asiye na kitu. Hamna risasi wala matusi, na machozi hututoka.

"Nairobi Half Life" (2012) yamfuata kijana aliyekuja mjini kutafuta uigizaji, akaishia katika genge la wezi. Ni kweli chungu, ila lugha na picha zake si za watoto.

Enyi wazazi, kukataza pekee hakutoshi, kwani simu i mkononi mwa mtoto. Ketini naye, tazameni pamoja, kisha mumwulize amepata nini. Wabillahi tawfiq.