Fundi Asiyesikia



Katika jiji la Arusha ipo karakana iitwayo Shanga, ambako mafundi wenye ulemavu huyeyusha chupa zilizotupwa na kuzifanya glasi na mapambo mapya. Nilipokwenda huko kwa semina niliruhusiwa kujaribu kazi hiyo, na leo napenda kuwashirikisha nilichojifunza.

Mwalimu wangu alikuwa fundi kiziwi. Hakunieleza, alinionyesha. Alichovya ncha ya bomba refu la chuma katika tanuru lenye joto la nyuzi zipatazo 1,100, akalizungusha kama mtu akusanyaye asali kwa kijiti, akalitoa likiwa na donge la kioo linalowaka. Kumbe kazi ya kwanza si kupuliza, bali kuzungusha. Kioo cha moto huelekea chini daima. Ukisita kidogo tu, donge hulalia upande mmoja. Mimi nilisita nikimtazama yeye, na donge langu likaning'inia kama ulimi, likaanguka sakafuni.

Hakukasirika. Aliishika mikono yangu kwa mikono yake, tukaanza upya. Tulilibingirisha donge juu ya meza ya chuma ili umbo liwe sawasawa, kisha ndani ya upawa wa mti uliolowekwa majini. Ndipo akaniashiria nipulize, pumzi ndogo tu, likatokea povu ndani yake. Mara kwa mara tulirudi motoni kulilainisha. Kwa koleo ndefu alinifunza kubana shingo pasipo nguvu, huku bomba likiendelea kuzunguka. Mwishowe akadondosha maji shingoni, akaligonga bomba, chombo kikaachia.

Nilitaka kukichukua, naye akatikisa kichwa. Chombo huwekwa kwanza katika tanuru jingine, lenye nyuzi karibu 500, kipoe polepole kwa saa nyingi. Kikipoa ghafla, nje hutangulia ndani, nacho hupasuka.

Usiku ule sikulala vema. Miezi michache kabla, baba mmoja wa hapa Itumba alikuwa amenijia kuuliza afanye nini na mwanawe kiziwi, mwenye umri wa miaka tisa. Nilimjibu upesi: "Mwombee, mlinde, abaki nyumbani." Nilidhani nimemfariji, kumbe nilikuwa nimemfungia mtoto mlango. Nilikitaka chombo kilichokamilika, wala sikuwa tayari kulishika bomba.

Niliporudi nilikwenda kwake, nikamwomba radhi. Niliiweka mezani glasi yangu, iliyopinda upande, nikamwambia kwamba aliyenifundisha kuitengeneza hasikii. Aliigeuzageuza kwa muda mrefu. Mtoto akaja, akaitazama taa kupitia glasi ile, akacheka.

"Baba Paroko," akasema yule mzee, "shule ya viziwi iko mbali. Nauli na mahitaji yake nitayatoa wapi?"

Sikuwa na jibu, na safari hii sikuharakisha kulitoa. Jumapili ijayo, baada ya Misa ya kwanza, tutakaa pamoja na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo tulitazame jambo hilo. Nawe ambaye nyumbani kwako yupo mtoto wa namna hii, usimfiche. Njoo naye.

Nawatakia juma jema.